Jina Asha lina asili gani? Mama mkwe anasema ni tumaini, dada yangu anasema ni bibi yetu

#1. Baba Binti (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni. Nimejaliwa binti usiku wa kuamkia jana hapa Tanga, na mama na mtoto wote ni wazima, alhamdulillahi. Ninaleta kwenu swali la jina, na ninaomba mnijibu kwa utulivu, kwa sababu ndani ya nyumba yangu limeanza kuwa zito.

Mke wangu ni Mhindu wa ukoo wa Kigujarati, aliyezaliwa na kukulia papa hapa mjini, na mimi ni Mswahili. Ndoa za namna hii kwa kawaida huvutana juu ya majina mawili. Sisi yametukuta ya ajabu: pande zote mbili zinataka jina moja, Asha, ila kila upande una sababu yake, na tangu upande mmoja uisikie sababu ya upande wa pili, raha imepungua.

Dada yangu, ambaye ndiye shangazi wa mtoto, alitangaza tangu mimba ina miezi mitano kwamba akizaliwa msichana, jina la bibi yetu mzaa baba litarudi nyumbani. Bibi aliitwa Asha na mtaa mzima ulimjua hivyo. Mama mkwe naye, baada ya mtaalamu wao wa nyota kuitazama saa ya kuzaliwa na kusema kwamba jina lianze kwa A, L au E, alisema papo hapo: Asha. Mke wangu alipoteza mimba mbili kabla ya hii, na mama yake anasema kwamba katika Kisanskriti, lugha ya vitabu vyao vya kale, Asha ni tumaini.

Jana jioni walikaa mkekani pamoja, chai ya maziwa mbele yao, mtoto katikati. Dada yangu akauliza kwa furaha, "Kumbe na kwenu yupo Asha? Alikuwa nani?" Mama mkwe akajibu, "Hakuwa mtu, mwanangu. Ni neno." Dada yangu akanyamaza, kisha akanifuata jikoni na kuniambia kwamba hawezi kukubali bibi yake ageuzwe neno.

Nimeingia mtandaoni nikakutana na mkanganyiko mkubwa zaidi. Ukurasa mmoja unasema Asha ni Kisanskriti, maana yake tumaini. Wa pili unasema ni Kiswahili, maana yake maisha. Wa tatu unasema ni Kiajemi cha kale, maana yake ukweli. Wa nne, na huu ndio ulionichosha, unasema ni jina la Kisanskriti lililotokana na Kiswahili na maana yake ni hayo yote matatu. Tafadhali, anayejua anieleze ukweli ni upi. Usiku wa sita, ambao mama mkwe anausubiri kwa hamu, ni Alhamisi.

#2. Kalamu ya Mwanzi

Hongera sana, Baba Binti, na mtoto akue. Nimefundisha lugha kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikienda taratibu.

Kurasa tatu za kwanza zote zimesema kweli, kila moja juu ya neno lake. Ule wa nne ndio uliokosea, kwa kuyachukua maneno matatu yasiyo na undugu na kuyafunga kamba moja kwa sababu tu yanaandikwa kwa herufi nne zilezile za Kilatini.

Nianze na Asha wa bibi yako, maana huyo ni mfupi kumweleza. Ni Aisha wa Kiarabu, jina la mke wa Mtume na binti wa Abu Bakr, na maana yake ni "aliye hai, anayeishi". Mzizi wake una herufi tatu, ayn, ya na shin, na mzizi huohuo ndio uliotupa sisi kitenzi kuishi na nomino maisha. Huko Misri watu huuita hata mkate kwa neno la mzizi huo, kwani ndio unaowaweka hai. Jina lilipofika pwani yetu, ile sauti ya kooni ikaachwa, irabu za kati zikamezwa, tukapata Asha, Esha, Mwanaasha na ndugu zao. Kwa hiyo anayeandika kwamba Asha ni jina la Kiswahili lenye maana ya maisha hajadanganya, ila ameishia njiani kabla ya kufika lilikotoka.

Asha wa mama mkwe ni kiumbe kingine kabisa. Katika Kisanskriti huandikwa आशा, irabu zote mbili zikiwa ndefu: āśā. Limejengwa kwa kiambishi ā, chenye maana ya kuelekea, na mzizi śaṃs, ambao peke yake una maana ya kutamka, kukariri au kusifu. Viwili hivyo vikiunganishwa hutoa maana ya kutazamia, kulitakia jambo litokee, kulitumainia. Ndani ya jina hilo, ukitaka kulipasua, mna mtu anayetamka kwa sauti kile anachokingoja. Hakuna ayn, hakuna uhai, hakuna Kiarabu.

Niongeze jambo moja ambalo wenye kurasa za majina huwa hawaligusi. Hiyo "sh" ya jina ni ushahidi wa njia lililopita. Lugha za kati za India, zile ziitwazo Prakriti, kwa sehemu kubwa ziliibadili sauti hiyo kuwa "s", neno likawa āsā, na ndiyo maana Wahindi wa leo wanalo pia neno fupi la mitaani, ās, lenye maana ileile ya tumaini. Jina Asha halikupita huko. Lilichukuliwa moja kwa moja kutoka Kisanskriti cha vitabuni likiwa na mavazi yake kamili. Sisi wenyewe tuna mfano jikoni: śarkarā ya Kisanskriti ilipita kwa Waajemi ikawa shakar, ikapita kwa Waarabu ikawa sukkar, na ilipotufikia "sh" ilikuwa imeshayeyuka, hiyo ndiyo sukari mliyotia kwenye chai yenu ya jana.

#3. Baba Binti (mleta uzi)

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Kwa hiyo mama mkwe na dada yangu wanalisema jina moja lakini wanaita watu wawili?

#4. Kalamu ya Mwanzi

Ndivyo. Wanaita hata kwa sauti mbili, ukisikiliza vizuri. Mama mkwe wako atazivuta irabu zote mbili. Dada yako ataiinua ya kwanza na kuiacha ya pili ianguke, kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hakijali urefu wa irabu katika kutofautisha maneno.

#5. Foi wa Mombasa

Baba Binti, hongera, na mpe mama mtoto salamu zangu. Mimi ni Mgujarati wa Mombasa na jina langu humu jamvini si la mapambo. Nimekwisha kuwapa majina watoto sita wa kaka zangu, kwa sababu kwetu jina hutolewa na foi. Foi ni dada wa baba. Kwa Kiswahili fasaha huyo ni nani? Ni shangazi, hana tafsiri nyingine. Je, mama mkwe wako amekwisha kumwambia dada yako kwamba kwa mila ya Kigujarati mwenye haki ya kumpa mtoto huyu jina ni yeye, wala si bibi mzaa mama?

Nieleze linavyofanyika, ili asishtuke. Usiku wa sita tunauita chhathi. Mtoto huvishwa nguo, na karibu yake huwekwa karatasi tupu na kalamu, kwani inaaminiwa kwamba usiku huo Vidhata, mungu wa majaaliwa, huja kuandika majaaliwa ya mtoto. Wengi hupenda wino uwe mwekundu. Karatasi huachwa hapo mpaka asubuhi, na hakuna anayekaa kuilinda.

Ama jina lenyewe, wengine hulitoa siku hiyohiyo na wengine hungoja. Mtoto hulazwa kwenye kitambaa kama bembea, watoto wanne wa nyumba hushika pembe nne, na ndani yake huwekwa majani ya pipal, mti wa jamii ya mkuyu. Wanabembeza, na foi anaimba: "Oli joli pipal paan, foi e padyu Asha naam." Maana yake kwa ufupi ni kwamba bembea na jani la pipal ni mashahidi, shangazi ametoa jina Asha. Vitabu vya kale vya sheria, kama kile cha Manu, vinataja siku ya kumi au ya kumi na mbili, lakini Gujarat ina mambo yake.

Kuhusu herufi: mtaalamu hakuzitoa hewani. Kila nyumba ya nyota kati ya kumi na mbili ina herufi zake, na A, L na E ni za Mesh, yaani Kondoo. Wanaochimba zaidi hugawa njia ya mwezi katika makundi 27 ya nyota, kila kundi robo nne, jumla 108, na kila robo ina silabi yake. Silabi A ni ya robo ya kwanza ya Krittika. Mnaijua Krittika? Ni kile kikundi cha nyota ambacho ninyi mnakiita Kilimia, kilichowaonyesha wakulima wakati wa kushika jembe.

#6. Baba Binti (mleta uzi)

Nimemsomea dada yangu ujumbe wa Foi kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nitaimba Kihindi mimi?" Mke wangu akamsahihisha kutoka chumbani kwamba ni Kigujarati. Sasa anataka aandikiwe maneno hayo kwenye karatasi.

#7. Mdadisi wa Jioni

Ninawapongeza wote, lakini kuna jambo ambalo mnalipaka asali. Mnasema āśā ni tumaini kana kwamba Kisanskriti chenyewe kinalisifu. Vitabu vya kale havikulisifu hata kidogo. Katika sura ya 16 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, watu waovu wanaelezwa kuwa wamefungwa kwa mamia ya kamba za āśā. Mshairi Bhartrihari, katika beti zake mia za kuupa ulimwengu kisogo, anasema āśā ni mto ambao maji yake ni matakwa na mawimbi yake ni kiu. Na kuna ubeti mashuhuri usemao kwamba āśā ni mnyororo wa ajabu: waliofungwa nao hukimbia, na waliofunguliwa husimama tuli kama viwete. Ndugu yangu, unampa binti yako jina la mnyororo?

#8. Kalamu ya Mwanzi

Mdadisi ameleta ushahidi wa kweli, na ubeti wa mnyororo ni miongoni mwa vitu vizuri vilivyowahi kusemwa juu ya moyo wa mwanadamu. Nisingependa tuufiche. Ila tuusome kwa masikio yetu wenyewe, maana Kiswahili kinalijua vema jambo hili.

Sisi tunalo neno tamaa. Mtu akikosa kila njia tunasema amekata tamaa, na tunamwonea huruma, tunamwambia asikate. Mtu huyohuyo akitaka kiwanja cha jirani tunasema ana tamaa, na tunamkumbusha kuwa tamaa mbele, mauti nyuma. Neno ni lilelile. Tunalolaumu katika sentensi ya pili ndilo tunalosihi lisikatike katika ya kwanza. Āśā ya Kisanskriti inakaa hapohapo: ni kule kuuvuta moyo kuelekea kisichokuwapo, na mwenye kutafuta utulivu wa mtawa ataiona ni kamba, wakati mwenye kungoja mtoto baada ya kupoteza wawili ataiona ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi. Kwa hiyo neno tumaini ni tafsiri sahihi lakini safi mno. Neno la asili lina jasho ndani yake.

Tena si kweli kwamba vitabu vyote vililipa kisogo. Katika sura ya saba ya Chandogya Upanishad, kitabu cha kale cha hekima ya Kihindu, Narada anamwendea mwalimu wake Sanatkumara na kuorodhesha elimu zote alizosoma: Veda, hesabu, sarufi, elimu ya nyota na nyinginezo. Sanatkumara anamjibu kwamba hayo yote ni nāma, majina tu. Narada anauliza kama kuna kilicho kikubwa kuliko jina, na hapo inaanza ngazi ndefu. Usemi ni mkubwa kuliko jina, akili ni kubwa kuliko usemi, na wanapanda hivyo kupitia nia, fikra, tafakuri, ufahamu, nguvu, chakula, maji, joto na anga, mpaka wanafika kwenye kumbukumbu. Halafu Sanatkumara anasema: āśā ni kubwa kuliko kumbukumbu, kwa sababu ni pale inapowashwa na āśā ndipo kumbukumbu hukariri beti, hutenda kazi za ibada, hutamani watoto na ng'ombe. Juu ya āśā kuna prāṇa peke yake, yaani pumzi ya uhai.

Baba Binti, itazame ngazi hiyo. Chini kabisa kuna jina. Karibu na kilele kuna tumaini, na ngazi inayofuata, ya mwisho katika mlolongo huo, ni uhai. Mama mkwe wako amesimama kwenye ngazi ya kumi na nne na dada yako, bila kujua, yuko kwenye ya kumi na tano. Hilo halifanyi maneno hayo mawili kuwa ndugu, na naomba asitokee mtu hapa akaandika kesho kwamba Upanishad inasema Asha ni Aisha. Lakini kwa wazee wanaotaka kukaa mkeka mmoja, ni jambo la kuzungumzia.

#9. Mdadisi wa Jioni

Nimekubali hoja ya tamaa. Nina kidokezo kimoja tu kilichobaki, halafu nitakaa kimya. Manu anaagiza kwamba jina la mwanamke liwe rahisi kutamka, lisiwe la kutisha, maana yake iwe wazi, liupendeze moyo, liwe la heri, liishie kwa irabu ndefu na liwe na baraka ndani yake. Hapo Asha anapita bila shida. Ila kanuni za ibada za nyumbani za Paraskara zinataka jina la msichana liwe na silabi witiri na liishie kwa ā. Ā-śā ni silabi mbili, yaani shufwa. Limefeli nusu ya mtihani.

#10. Foi wa Mombasa

Limefeli pamoja na Sita, Radha, Uma na Usha. Tukiwaondoa hao wote India itabaki na wanawake wangapi? Kanuni za silabi watu walizisahau zamani, na mimi mwenyewe sijawahi kumwona foi akihesabu silabi mbele ya watoto wanne waliochoka kushika kitambaa.

Kwa kuwa nimemtaja Usha, nitoe tahadhari ndogo kwa atakayejaza fomu za cheti cha kuzaliwa. Usha si namna nyingine ya kuandika Asha. Usha ni alfajiri, na "sh" yake hutamkwa ulimi ukiwa umekunjwa kurudi nyuma, tofauti na ya Asha ambayo ni laini na iko karibu sana na "sh" yenu. Wale ndugu waimbaji wa familia ya Mangeshkar, mmoja ni Usha na mwingine ni Asha, huyu wa pili akijulikana zaidi kama Asha Bhosle, aliyezaliwa mwaka 1933. Mama yao asingewapa mabinti wawili jina moja.

#11. Mtu wa Malindi, Unguja

Sijaona aliyemgusa yule Asha wa tatu, wa ukweli, kwa hiyo nitasema machache. Hilo ni neno la Kiavesta, lugha ya maandiko ya dini ya Zoroasta, nalo lina maana ya ukweli na utaratibu unaoshikilia ulimwengu. Wafuasi wake waliohamia India ndio Waparsi, na baadhi yao walifika hapa kwetu. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi kwa jina la Farrokh Bulsara. Neno lao linasikika kama la mama mkwe, na lugha zenyewe kweli ni ndugu wa damu, lakini mwenzake katika Kisanskriti si āśā. Mwenzake ni ṛta. Kiavesta kilikuwa na tabia ya kuigeuza "rt" ya kale kuwa sauti ya namna ya "sh": ambapo Kisanskriti kina martya, yaani mwenye kufa, Kiavesta kina mashya. Waajemi wengine waliibakiza "rt" yao, ndiyo maana tunaisikia arta mwanzoni mwa jina la mfalme Artaxerxes. Kwa hiyo ukurasa wako wa tatu ni sahihi kwa Waparsi na hauhusiki na binti yako.

#12. Mkachi wa Kariakoo

Mimi nina la kuongeza upande wa āśā, kwa sababu sisi Wakachi tunaishi nalo. Huko kwetu Kutch, eneo la Gujarat, mahali paitwapo Mata no Madh, kuna hekalu la Ashapura Mata, ambaye ndiye mungu mlezi wa ukoo wa Jadeja waliotawala Kutch. Jina lake ni āśā hii hii pamoja na neno la kujaza: mama anayeyajaza matumaini. Watu huenda kule kwa miguu wakati wa Navratri, sikukuu ya usiku tisa, siku nyingi njiani, na wengi wao wanakwenda kuomba mtoto au kushukuru kwa mtoto waliyempata. Nimesoma kisa cha mke wako na mimba zake mbili, na nadhani ninajua mama mkwe wako alikuwa anamwomba nani.

Tena katika Kisanskriti kuna āśā ya pili, inayotofautiana na ya kwanza kwa mahali pa mkazo katika matamshi ya zamani, yenye maana ya upande wa dunia: mashariki, magharibi, kusini, kaskazini. Atharvaveda, mojawapo ya Veda nne, ina wimbo unaowaita walinzi wanne wa pande hizo, nao huitwa āśāpāla. Kwa jina la mtoto, wazazi hukusudia tumaini, si dira.

#13. Baba Binti (mleta uzi)

Ninarudi kutoa taarifa kama nilivyoahidiana na Foi faraghani.

Kwanza, nilipitia uzi huu wote mbele ya wazee Jumatano usiku. Sehemu ya Freddie Mercury iliwapita, ila ngazi ya Narada niliombwa niirudie. Mama mkwe alikuwa hajawahi kuisikia, akaniuliza mara mbili ni nani aliyeileta. Dada yangu alihesabu ngazi kwa vidole, na alipofika ya kumi na tano akasema, "Basi bibi ndiye aliyekaa juu." Mama mkwe akacheka mpaka akashika magoti.

Pili, tumegundua jambo la kalenda ambalo hakuna aliyelipanga. Sisi siku yetu huanza jua linapotua. Kwa hiyo usiku wa sita wa akina mama mkwe, kwa hesabu ya dada yangu, ulikuwa tayari ni usiku wa kuamkia siku ya saba, ambayo ndiyo ya akika na ya kunyoa nywele. Karatasi na kalamu nyekundu viliwekwa kando ya kichwa cha mtoto baada ya magharibi, na mbuzi alikuwa amefungwa uani tayari kwa asubuhi.

Majani ya pipal tuliletewa na jirani wa mama mkwe, yamefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji. Pembe za kitambaa zilishikwa na watoto wawili wa dada yangu na wawili wa shemeji yangu. Mmoja wao ni mfupi kuliko wenzake, kwa hiyo mtoto alikuwa amelala mshazari muda wote. Dada yangu alisoma kwenye karatasi aliyokuwa ameandikiwa na mke wangu kwa herufi zetu. "Oli joli" alilitoa vizuri. "Pipal paan" alilitoa vizuri zaidi. Kwenye "padyu" alikwama, akamtazama mama mkwe, mama mkwe akalisema taratibu, naye akalirudia. Kisha jina akalitamka kama alivyokuwa akimwita bibi alipokuwa mdogo, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nikalazimika kutoka nje kidogo.

Asubuhi dada yangu aliamka kabla ya wote, akaenda moja kwa moja kuitazama ile karatasi. Haikuwa na kitu. Akamuuliza mama mkwe kama Vidhata alipitiwa na usingizi. Mama mkwe akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kikopo cha bati anachohifadhia shanga zake, akasema kwamba iliyoandikwa humo si ya kusomwa na yeye wala na shangazi.

Maalim alipofika kwa ajili ya akika aliuliza kama tuandike Aisha au Asha. Nilimwambia Asha, herufi nne. Wazee wote wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu na hakuna aliyenisahihisha.

#14. Foi wa Mombasa

Mwambie foi mwenzangu kwamba mtoto wa kwanza kila mtu hukwama kwenye "padyu". Mimi nilikwama mpaka wa tatu.